Madoa ya Meno: Usimchape Mtoto, Uliza Maji

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Gatongora, na leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hulizungumza wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono. Ni madoa ya kahawia kwenye meno.

Nianze na mama mmoja aliyekuja kliniki. Mgongoni alikuwa amembeba kijana wake wa mwaka mmoja, na mkononi amemshika binti yake wa gredi ya tatu. Ufizi wa yule binti ulikuwa umevimba na kutoka damu. Nilipouliza kimetokea nini, mama alinijibu kwa hasira kidogo, "Sista, huyu hapigi mswaki. Nimemchapa, nimemnunulia mswaki mara tatu, na watoto wenzake shuleni wanamwita Kutu. Sasa namsugua mimi mwenyewe kwa waya wa kusugulia sufuria."

Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwomba afungue mdomo, akakataa. Basi nikafungua wangu kwanza, nikamwonyesha. Mimi pia nina meno hayo. Nililelewa kwa maji ya kisima, na meno yangu ya mbele yalitoka na madoa. Mtoto akanitazama, akafungua.

Wapendwa wasikilizaji, yale madoa hayakuwa uchafu. Yule mtoto alikuwa anapiga mswaki asubuhi na jioni. Hakuna mswaki, mkaa, majivu, chumvi wala waya unaoweza kuyatoa, kwa sababu hayakutoka nje. Yaliingia ndani ya jino wakati jino lenyewe lilikuwa bado linajengwa ndani ya ufizi.

Linaloyaleta ni madini yanayoitwa floraidi. Floraidi kidogo ni rafiki wa meno, ndiyo maana hutiwa kwenye dawa ya meno ili kuzuia kuoza. Lakini mtoto mdogo akimeza floraidi nyingi kila siku, kwa miezi na miaka, ganda gumu la nje ya jino halijengeki vizuri. Linabaki na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Jino likitoka huwa na mistari au mabaka meupe kama chokaa. Baadaye vile vitundu hunyonya rangi, na mabaka yanageuka manjano, kisha kahawia. Pale floraidi ilipokuwa nyingi zaidi, ganda humeguka vipande na kuacha mashimo madogo.

Sasa inatoka wapi? Kwetu sisi, hasa kwenye maji ya chini ya ardhi. Mawe ya volkeno yana floraidi, na maji yakikaa humo chini muda mrefu huichukua. Mwaka 1984 watafiti walichapisha matokeo ya sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Sampuli 61 katika kila 100 zilikuwa na zaidi ya miligramu 1 ya floraidi kwa lita, na karibu 20 katika kila 100 zilizidi miligramu 5. Viwango vya juu kabisa vilipatikana Bonde la Ufa, Nairobi, na kwenye uliokuwa Mkoa wa Kati, ambao ndani yake mlikuwa na Thika na Ruiru. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kiwango hicho hicho.

Hapa kwetu tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, nyumba za kupangisha zimeota kila upande, na mwenye ploti wengi wamechimba visima vyao virefu kwa mashine. Mpangaji akifungua mfereji hajui maji yanatoka kwenye bwawa au chini ya jengo. Na maji yenye floraidi hayana harufu, hayana rangi, hayana ladha ya kukushtua. Yanaweza kuwa maangavu kama machozi. Tena visima viwili vilivyo karibu vinaweza kuwa na viwango tofauti kabisa, kwa hivyo usiseme "kwa jirani ni sawa, basi na kwangu ni sawa."

Jambo hili si la Kenya peke yake. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs huko Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia na hakuna ajuaye kwa nini. Mwaka 1923 aliitwa mji mwingine, Oakley, katika jimbo la Idaho. Wazazi wa pale walikuwa wamejionea wenyewe kwamba madoa yalianza kwa watoto baada ya mji kuvuta bomba la maji kutoka kwenye chemchemi moja ya maji vuguvugu. McKay aliyapima yale maji na hakuona kitu, maana vipimo vya wakati huo havikutosha. Hata hivyo aliwaambia waliache lile bomba na watumie chemchemi nyingine. Wakamsikiliza. Baada ya miaka michache, watoto wadogo wa Oakley walianza kuota meno safi. Ilikuwa mwaka 1931 ndipo ikathibitishwa kwamba mhusika ni floraidi. Mnaona? Wazazi walikuwa wameliona jambo lile kabla ya maabara.

Ndiyo maana nilipomaliza kumtazama yule binti, nilimwuliza mama swali ambalo hakulitarajia: "Na huyu wa mgongoni, anakunywa maji gani?"

Akasema ya kisima cha ploti, yale yale. Uji wake, maziwa ya kopo, na chai pia.

Wasikilizaji wangu, hapa ndipo naomba mniazime masikio. Meno ya mbele ya kudumu, yale yanayotoka mtoto akiwa na miaka sita au saba, huanza kujengwa akiwa bado mchanga, miezi michache tu baada ya kuzaliwa. Ganda lake huwa limekamilika akiwa na miaka minne au mitano. Meno ya nyuma huendelea mpaka karibu miaka minane. Kwa hivyo tabasamu la mtoto wako akiwa shule ya upili linaamuliwa sasa, wakati anabebwa mgongoni na hana hata jino moja la kudumu mdomoni. Kwa binti wa miaka minane, meno ya mbele yameshajengwa. Kwa kaka yake wa mwaka mmoja, nafasi ilikuwa bado ipo. Na mtu mzima anayehamia hapa kutoka mahali pengine hatapata madoa haya hata akinywa maji hayo hayo, ingawa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huumiza mifupa.

Basi tufanye nini kwa hao wadogo?

Mama anayenyonyesha, nyonyesha. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji maji yoyote. Shida huja pale maziwa ya unga yanapokorogwa kwa maji ya kisima chupa baada ya chupa. Ikiwa ni lazima umpe maziwa ya kopo, tafuta maji mengine.

Maji mengine ni yapi? Ya kwanza ni ya mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika. Mabati ya Gatongora yanamwaga maji mengi sana mwezi wa Aprili na sisi tunayaangalia yakienda mtaroni! Acha mvua ya kwanza isafishe mabati, kisha kinga kwenye tangi au pipa lenye kifuniko. Hayo tenga kwa ajili ya kunywa na kupikia wadogo. Ya kisima fulia na kuoshea nyumba. Hata ukipata mitungi miwili ya lita 20 kwa wiki kwa mtoto mmoja, umefanya jambo kubwa. Maji ya mito na mabwawa kutoka milima ya Aberdare kwa kawaida huwa na floraidi kidogo kuliko ya visima virefu. Ila ya mvua na ya mto lazima yachemshwe au yatiwe dawa, maana kuepuka madoa kisha kupata kuhara si kujisaidia.

Na hapa kuna kosa ambalo nimelisikia mara nyingi: "Sista, mimi huchemsha." Kuchemsha huua vijidudu, hakutoi floraidi. Ukichemsha sana, maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale, kwa hivyo inazidi kuwa kali. Dawa ya klorini nayo haiitoi. Hata kile kichujio cha kawaida cha udongo hakiitoi. Kinachoitoa ni mitambo maalumu ya kuchuja kwa mgandamizo, ambayo baadhi ya maduka ya kujaza maji huitumia, au kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Huko Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki imetengeneza vichujio hivyo vya mifupa kwa miaka mingi. Ukinunua maji ya kujaza mtungi, mwulize mwenye duka cheti cha kipimo cha floraidi. Akikasirika, enda duka lingine.

Yako mawili zaidi ya jikoni. Magadi tunayotia kwenye githeri ili iive haraka, au kwenye mboga za kienyeji, yana floraidi. Loweka mahindi na maharagwe usiku mzima badala yake. Na majani ya chai yana floraidi pia, kwa hivyo chai ya rangi si kinywaji cha mtoto wa miaka miwili. Tena humzuilia madini ya chuma, lakini hilo nitalisema siku nyingine.

Dawa ya meno usiitupe. Mtoto bado anaihitaji ili meno yasioze. Chini ya miaka mitatu, paka kiasi cha punje ya mchele tu. Miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mfundishe kutema, usimwachie aibugie kama peremende, na usinunue ile yenye ladha tamu kisha ukaiacha mahali anapofikia.

Sasa nije kwa sisi ambao madoa tayari tunayo. Na ni wengi. Kila wakati wa kuandikisha askari kuna kijana anayekuja kuniuliza kama nina dawa ya meno ya kahawia kabla ya Jumatatu. Kuna mama aliyeniambia picha zake zote za harusi amefunga mdomo. Sitawaambia kwamba ni upuuzi. Si upuuzi.

Nilipokuwa na miaka 19, kabla ya kuingia chuo cha uuguzi, nilikusanya pesa nikaenda kwa bwana mmoja aliyekuwa na chumba nyuma ya duka. Hakuwa daktari. Alichovya pamba kwenye chupa isiyo na jina, akanipaka meno, nikasikia ukali puani mpaka machozi yakanitoka. Kwa dakika chache rangi ya kahawia ilipungua kweli, nikafurahi sana. Ufizi ulibabuka siku ya pili. Baada ya wiki kadhaa sikuweza kunywa maji baridi, wala kupumua kwa mdomo asubuhi za Julai. Madoa yalirudi. Ganda la jino halikurudi, kwa sababu likishaliwa na asidi mwili hauna uwezo wa kuliota tena. Mpaka leo ndizi baridi hunifanya nifumbe macho. Kwa hivyo ukimwona mtu anayekuahidi meno meupe kwa dakika kumi pembeni ya barabara, mkumbuke huyu sista. Ndimu na magadi ya kuokea, wembe, msasa na asidi ya betri vyote hufanya kazi ile ile ya kula ganda.

Kabla ya kulipa senti yoyote, jua kwanza doa lako ni la aina gani. Yalitoka hivyo tangu utotoni, meno mengi, kushoto na kulia yanafanana? Hiyo huenda ni floraidi. Yalikuwa meupe yakabadilika baadaye, na rangi imekaa karibu na ufizi na katikati ya meno? Hapo ni chai, sigara, ugoro au miraa, na ukoga. Jino moja tu limekuwa la kijivu baada ya mtoto kuanguka? Yawezekana limekufa ndani. Lina shimo na linauma? Hilo ni kuoza, litibiwe kwanza, urembo baadaye. Kuna pia rangi ya kijivu au manjano yenye mistari, inayoletwa na dawa aina ya tetrasaiklini ikitumiwa na mama mjamzito au mtoto chini ya miaka minane. Hii ni sababu nyingine ya kutonunua vidonge dukani bila ushauri.

Madoa ya chai na sigara ndiyo rahisi. Daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa huyakwangua pamoja na ukoga kwa mashine, mara moja, na unatoka na meno yako mwenyewe. Kazi hii hufanywa hata kwenye vitengo vya meno vya hospitali za umma kama Thika Level 5. Lakini nimeona watu wenye madoa ya floraidi wakilipia kukwanguliwa mara tatu na kulalamika kwamba hakuna mabadiliko. Hayawezi kuwepo. Doa liko ndani.

Kwa madoa ya floraidi kuna njia kadhaa, kulingana na uzito wake. Ya kahawia yaliyo juu juu, daktari anaweza kuyasugua kwa mchanganyiko wa asidi aliyoipima na unga laini, huku ufizi umekingwa kwa mpira. Ndiyo, ni asidi, najua mnashangaa. Tofauti na bwana wangu wa nyuma ya duka ni kwamba daktari huondoa utando mwembamba sana, hujua mahali pa kukoma, na hupaka floraidi baadaye kuliimarisha jino. Mara nyingi hufuatisha na dawa ya kung'arisha yenye peroksaidi, ambayo hulifanya jino lote kuwa jeupe zaidi ili mabaka yasionekane sana. Siku za kwanza mabaka meupe huonekana zaidi, watu wakaogopa, kisha hutulia. Meno yanaweza kusisimka kwa siku kadhaa. Watoto wasifanyiwe kung'arisha huku, na mama mjamzito au anayenyonyesha afadhali angoje.

Jino likiwa limemeguka au lina mashimo, kung'arisha hakutoshi. Hapo daktari hupaka rezini ya rangi ya jino juu ya ganda, akaiunda, akaikausha kwa mwanga. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayowafaa wengi wetu. Haiondoi sehemu kubwa ya jino, bei yake ni nafuu kuliko kauri, na ikivunjika hurekebishwa. Hudumu miaka kadhaa, si maisha yote, na ukifungua chupa za soda kwa meno itadumu mpaka chupa ya kwanza. Ya ghali zaidi ni vibandiko vyembamba vya kauri, na kwa jino lililoharibika sana, kofia nzima. Hizi hupendeza, lakini jino huparwa kwanza. Ukishaparwa hakuna kurudi nyuma. Itabidi kubadilisha tena na tena unavyozeeka. Mtu asikubali kumpara kijana wa miaka 14 meno mazima kwa sababu ya mabaka. Asubiri meno na ufizi vikomae, na wakati huo anaweza kupakwa rezini kama anaonewa shuleni.

Yule binti alipelekwa kwa daktari wa meno. Ufizi ulipona kwa kuachana na ule waya, na madoa mawili ya mbele yalifunikwa kwa rezini. Mimi ya kwangu nilipakwa nikiwa nimeshaajiriwa, mawili tu, hayo mengine nimeyaacha.

Ukienda popote, uliza mambo haya: jina la anayekutibu, na kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, leseni hutolewa kila mwaka na ni haki yako kuiona. Uliza doa lako ni la nini, jino litaparwa kiasi gani, itadumu muda gani, na ikitoka utalipa tena kiasi gani. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi pia hupokea wagonjwa, ambapo wanafunzi hufanya kazi chini ya walimu wao. Itakuchukua muda zaidi kwenye kiti, beba subira.

Na kuhusu kisima cha ploti: wapangaji wakiungana, gharama ya kipimo kimoja ikigawanywa kwa nyumba kumi na mbili si kubwa. Ongeeni na mwenye ploti kwa heshima, naye pia ana wajukuu. Mwulizeni afisa wa afya ya umma wa eneo lenu mahali maabara ilipo. Chukueni chupa safi ya plastiki, si ya glasi. Fungueni mfereji maji yamwagike dakika chache, suuzeni chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jazeni, fungeni, na mwandike juu yake mahali na tarehe. Mwombe wapime floraidi kwa jina, maana kipimo cha vijidudu peke yake hakitaionyesha. Kule kwa yule mama kipimo kilizidi 1.5, na sasa kuna tangi la mvua pale uani, lenye kufuli, na ufunguo wanaushika akina mama wenye watoto wadogo.

Wenye maswali tuonane kliniki siku za chanjo, mje na kitabu cha mama na mtoto kama kawaida. Wiki ijayo ni kuhara na maji ya chumvi na sukari. Kwaherini.